Ufunguo Umenyamaza

Dukani, 4 Februari

Kwako Kiberiti,

Sikujui na hunijui. Hilo jina la Kiberiti nimelisikia redioni Jumanne iliyopita, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, nikiwa nimefungua saa ya ukutani ya mteja. Ulikuwa unauliza kama kuna mtu yeyote wa mbali anayekusikia, na kwamba aliyekusikia akuandikie kwa sanduku la posta la gereji yenu. Basi nimekusikia.

Mimi ni fundi saa. Pia ni mwendeshaji wa redio mwenye leseni. Nilifanya mtihani nikafeli, nikafanya tena nikapita. Redio ya lori haina mtihani, mtu ananunua, anaifunga, anaanza kupiga kelele. Imetengenezwa kwa maongezi ya kilomita chache, lori kwa lori. Siku ile anga lilifunguka, jambo linalotokea mara chache kwa mwaka, mawimbi yako yakapanda, yakagonga juu, yakarudi chini kwenye paa la duka langu, kilomita mia tisa kutoka uliposema umeegesha. Hiyo ni kazi ya anga, si ustadi wako. Kuita watu wa mbali kwa redio ya namna hiyo ni kosa, na mimi kukujibu hewani ni kosa vilevile, ndiyo maana nilinyamaza na sasa nakujibu kwa kalamu.

Hata hivyo desturi ni desturi. Sisi tukimsikia mtu wa mbali tunamtumia kadi ya kuthibitisha kwamba amesikika. Yako hii hapa, nimejaza saa, dakika, na hali ya sauti: safi kabisa. Usivimbe kichwa.

Ushauri mmoja tu. Punguza maneno. Ndani ya dakika nne ulisema "jamani" mara kumi na moja, nilihesabu.

Sabini na tatu,
Fundi Saa


Gereji, 19 Februari

Shikamoo Fundi Saa,

Kadi nimeipata. Nimeibandika juu ya dashibodi, na madereva wenzangu wanapanda mmoja mmoja kuisoma. Kilomita mia tisa! Kuna mmoja alikuwa hanisalimii, sasa ananiita mheshimiwa. Halafu nikasoma na barua. Mzee wangu, umenipa zawadi kwa mkono wa kulia na kofi kwa mkono wa kushoto.

Na hiyo sabini na tatu mwishoni ni nini? Fundi wa matairi anasema labda ndio umri wako. Kama ndio, hongera, maana mwandiko bado umenyooka.

Sasa nikueleze kwa nini tunapiga kelele. Naendesha lori la saruji, mwaka wa tisa huu. Njia yangu inavuka mpaka, halafu inapanda mlima wenye kona thelathini na nane. Anayeshuka anamwambia anayepanda: kuna jiwe kona ya ishirini, kuna ng'ombe kona ya sita. Mwaka juzi breki zangu zilikataa kwenye mteremko. Nilishika redio nikalia, sikusema neno la maana hata moja. Malori manne yakanipisha, na dereva mmoja ambaye mpaka leo namjua kwa sauti tu akaniongoza kona kwa kona mpaka nikaingia kwenye rundo la mchanga wa wakandarasi, lori likasimama. Yule bwana alisema "jamani" kuliko mimi, na kila aliposema nilijua bado yupo na mimi. Kwa hiyo maneno siyapunguzi, unisamehe.

Tena usidhani sijawahi kuona watu wa leseni. Karibu na kilele cha mlima huo, kona ya thelathini, kuna kituo cha kupima mvua, na juu ya paa kuna waya mrefu wa redio. Mzee wa pale lazima ni mwenzenu. Nikimsalimia redioni hajibu, nikimpungia mkono anaangalia mawingu.

Wako,
Kiberiti


Dukani, 6 Machi

Kiberiti,

Marahaba. Sabini na tatu si umri wangu, nina sitini na nne. Ni salamu yetu ya kuagana, tangu enzi za babu zetu wa simu za waya.

Barua yako imenifanya nikae chini. Huyo mzee anayeangalia mawingu ni rafiki yangu wa miaka thelathini na moja. Hewani tunamwita Mpima Mvua. Kila Jumapili saa nne kamili asubuhi mimi nagonga, yeye anajibu. Alinigongea habari za kuzaliwa kwa mwanawe, na mimi nilimgongea habari za kufa kwa mke wangu kabla sijawaambia hata shemeji zangu. Na sijawahi kumtia machoni. Kila mwaka tunasema mwakani. Yeye lazima asome kipimo chake asubuhi na jioni, na mimi nina duka, basi mwakani haijafika.

Hata sauti yake siijui. Sisi ni watu wa Morse, nukta na mistari, hatusemi kwa mdomo. Usidhani ni ukavu. Kila mtu ana namna yake ya kugonga, tunaiita mkono wake, na mkono haudanganyi. Mimi namjua Mpima Mvua akiwa na mafua. Zamani tuliwekeana sharti: atakayeanza kushika maikrofoni, huyo amekwisha, atafutiwe kiti cha kuotea jua. Mdomo kila mtu anao.

Kuhusu breki zako, pole sana. Sikuwa nimefikiria mambo ya kona.

Kama si usumbufu, ukipita tena pale, hebu niambie ni mrefu au mfupi.

Sabini na tatu,
Fundi Saa


Dukani, 30 Aprili

Binti yangu Kiberiti,

Kadi yako ya mwezi uliopita niliipata. "Mrefu, mwembamba, kofia ya sufu, suruali imekataa kufika kwenye viatu." Nilicheka mpaka kibano kikaniponyoka. Leo sina cha kucheka.

Jumapili tano mfululizo Mpima Mvua hakutokea. Nilimwita kila saa nne kamili, nikaendelea kumwita mpaka saa tano, nikawa nasikia mvumo wa redio peke yake. Jumapili ya kwanza nikasema labda umeme. Ya pili nikasema labda waya umekatika. Ya tatu nikaacha kusema chochote. Ijumaa ikaja kadi. Ni kadi yake, yenye picha ya kipimo cha mvua, lakini mwandiko si wake. Ina mstari mmoja tu: "Ufunguo umenyamaza. Samahani kwa usumbufu."

Wewe huwezi kujua uzito wa maneno hayo. Kile kidude cha kugongea Morse sisi tunakiita ufunguo. Mwenzetu akifa hatusemi amekufa, tunasema ufunguo wake umenyamaza. Ni neno letu la msiba, hatulitumii kwa jambo lingine lolote. Na hiyo samahani kwa usumbufu ndiyo iliyonimaliza. Watu wamefiwa, na bado wanatuomba radhi.

Nimewaarifu wenzangu wa chama. Juzi Jumapili tulikaa kimya hewani dakika tatu, vituo kumi na vinane, kisha katibu akapiga mstari jina lake kitabuni. Nilirudi dukani nikashindwa hata kufunga mkanda wa saa.

Sasa nina ombi. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya rambirambi kwa familia yake. Posta ya kule mlimani hufika inapojisikia, na wewe unapita mlangoni. Tafadhali simamisha lori, ubishe hodi, uwakabidhi kwa mikono miwili. Uwaulize aliugua nini, na kama aliniachia neno lolote. Najua nimewasema vibaya watu wa redio za lori. Usiku na mchana nimewapitia akilini wenzangu wote wenye leseni, sikumpata hata mmoja wa kubisha hodi kule. Nimekupata wewe.

Fundi Saa


Gereji, 17 Mei

Mzee wangu Fundi Saa,

Kaa kwanza. Kama una saa ya mtu mkononi, iweke mezani.

Yuko hai. Narudia, maana nyie wa leseni mnapenda kurudiarudia: Mpima Mvua yuko hai, ana kofia yake ya sufu kichwani, na anasema mvua za mwaka huu ni za ovyo.

Ilikuwa hivi. Niliegesha kona ya thelathini, nikanawa uso, nikajifunga kitambaa kichwani, nikatengeneza sura ya msiba. Honi sikupiga. Nikabisha hodi kwa adabu zote. Akatoka mzee mmoja mrefu, nikajua moja kwa moja ni kaka wa marehemu, wamefanana mno. Nikampa mkono, nikasema poleni sana kwa msiba. Akaniuliza msiba wa nani. Nikamwambia wa Mpima Mvua. Akasema, "Mpima Mvua ni mimi."

Mzee wangu, nilirudi nyuma hatua tatu bila kuangalia, nikakipiga teke kipimo chake cha mvua, maji yote chini. Nakwambia, ile habari ya kufa kwake haikumshtua kama maji yale. Alipiga magoti, akatazama, akasema nimemwaga milimita sita za taifa. Ilibidi nimsubiri aandike kwenye daftari kwamba zimemwagwa na mgeni.

Ndipo nikampa barua yako, nikamweleza ya kadi. Mkwewe alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliposikia maneno yaliyoandikwa kwenye ile kadi aliweka sinia chini akatoka nje, hakurudi. Mzee akasoma rambirambi zake mwenyewe. Mwanzoni alikuwa anacheka, mabega yanaruka. Alipofika pale ulipoandika kwamba mkono wake ulikuwa safi kuliko mikono yote uliyowahi kuisikia, akaacha kucheka. Akaikunja barua, akaiweka mfukoni, akakaa.

Nikamwuliza kwa nini hajibu. Akaniambia. Halafu akanishika bega, akasema, "Mwambie nipo. Mengine usimwambie."

Nimeahidi, kwa hiyo sababu huipati kwangu. Lakini sikuahidi kukuficha kwamba sababu ipo. Na kuna swali aliniuliza nikiwa nimeshapanda lori, hilo hakunikataza kukuambia. Aliniuliza mbona umeacha kumwita. Nikamjibu, "Baba, nani anamwita maiti?"

Nafurahi mno kukuandikia barua hii. Nilipokuwa nashuka mlima niliwatangazia madereva wote redioni kwamba kuna mtu amefufuka kona ya thelathini.

Wako,
Kiberiti


Dukani, 30 Mei

Mwanangu Kiberiti,

Mungu akuweke. Barua yako niliisoma nimesimama, sikukaa kama ulivyoagiza, na nusura nianguke. Nilifunga duka saa nne asubuhi, nikatembea mtaa mzima sina ninapokwenda. Muuza viatu wa jirani akaniuliza nimeshinda nini. Nikamwambia rafiki yangu hajafa. Akanipa mkono kwa heshima kubwa, nadhani alidhani nimechanganyikiwa.

Nilikwenda kwa katibu wa chama afute ule mstari. Anasema kitabu hakifutwi. Anataka barua kutoka kwa marehemu, iliyosainiwa, inayosema hajafa. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia kwa mwanamke.

Basi furaha yangu ilinichukua siku mbili. Siku ya tatu nikakaa nikafikiri. Ameuliza mbona nimeacha kumwita. Maana yake Jumapili zile tano alikuwa ananisikia. Nilikuwa naita saa nzima, yeye yuko pale ananisikiliza tu. Mtu hamfanyii hivyo rafiki yake ila awe na jambo moyoni.

Na jambo lenyewe nadhani nalijua. Jumapili yetu ya mwisho aligonga vibaya, sijawahi kumsikia hivyo. Herufi zilikuwa zinapandana migongoni, nyingine zimekatika katikati. Mimi nikamtania. Nilimgongea: "Leo umelewa, au umemwachia mbuzi ufunguo?" Hakujibu utani. Aligonga kwaheri, akazima kabla ya wakati wetu.

Lakini ule ni utani wetu wa siku zote! Yeye mwenyewe aliwahi kuniambia nagonga kama mtu anayeua mende. Nimeandika barua tatu za kumwomba radhi, zote nimezichana, kwa sababu sijui naomba radhi ya kosa gani, na mtu akiomba radhi asiyoijua anaonekana mnafiki. Nikimwita hewani asinijibu tena, sijui nitafanya nini. Afadhali nilipodhani amekufa, angalau sikuwa nimeachwa. Samahani, hilo nimeandika vibaya, lakini sitaki kuanza ukurasa upya.

Wewe umeahidi na ahadi ni deni, sikulazimishi. Ila kama kuna mtu mwingine pale ajuaye, mwambie mimi ni mzee, na naweza kuambiwa ukweli.

Fundi Saa


Kituo cha mvua, 12 Juni

Shikamoo Baba,

Hunifahamu. Mimi ni mke wa mtoto wake Mpima Mvua. Anwani yako nimeitoa kwenye kadi zako, ziko ukutani hapa zaidi ya mia mbili. Naandika akiwa ameenda kusoma kipimo cha jioni.

Aliyemwua baba mkwe wangu ni mimi.

Alinituma nikuandikie kadi kwamba hatakuwepo hewani kwa sababu ufunguo una hitilafu. Ilikuwa ni kisingizio, ufunguo ni mzima. Nami sikutaka kuandika uongo mrefu, na kadi ina nafasi ndogo, basi nikaweka kwa kifupi, ufunguo umenyamaza. Nikaongeza samahani kwa usumbufu ili ipendeze. Sikujua kabisa kwamba kwenu hayo ni maneno ya kifo. Dada Kiberiti alipoyasema hapa nilitaka ardhi ipasuke. Nisamehe sana, Baba, kwa machozi yako, na wale watu wa vituo kumi na vinane uwaombee radhi kwa niaba yangu.

Dada Kiberiti hajavunja ahadi yake. Wiki iliyopita alisimamisha lori akaniuliza swali moja tu, kama na mimi nimeapishwa. Nikamwambia hapana, mimi hakuna aliyekumbuka kuniapisha. Akasema basi, akapanda lori akaenda.

Mkono wa baba unatetemeka. Ule wa kulia. Ulianza mwanzo wa mvua. Daktari amesema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, si wa kuua, na dawa anazompa zinamsaidia. Kikombe anashika, kalamu anashika kwa taabu, ufunguo hauwezi. Mchana huwa anagonga redio ikiwa imezimwa, anasikiliza, anatikisa kichwa, anaacha. Ile Jumapili ya mbuzi alikuwa amejitahidi kwa nguvu zake zote, Baba. Alidhani hutatambua.

Jumapili zote tano ulizomwita alikuwa amekaa palepale na spika zake masikioni, mkono wa kulia ameukalia. Kila ulipomaliza kuita alisema, "Nipo," lakini alikuwa ananiambia mimi. Nilimwuliza si kuna maikrofoni hii hapa, kwa nini usiseme naye? Akanijibu kwamba Fundi Saa akisikia nasema kwa mdomo atajua nimekwisha. Mimi sielewi mambo yenu, lakini nilimwona mtu anazama huku kamba iko mbele yake na yeye anaona aibu kuishika.

Ulipoacha kumwita alisema, "Amechoka." Tangu hapo kila Jumapili saa nne anatoka nje anakwenda kufagia uwanja ambao nimeshaufagia.

Akijua nimekuandikia atanikasirikia siku tatu. Nitavumilia.

Mkweo pia, ukinikubali


Dukani, 25 Juni

Ndugu yangu Mpima Mvua,

Usimkasirikie mkweo. Kama huwezi, basi siku moja inatosha.

Nimesikia habari za mkono wako. Mimi ni fundi saa, ndugu yangu, kila wiki mikono inayotetemeka inaingia dukani kwangu, inaleta saa ambazo haiwezi tena kuzitia ufunguo. Nawahudumia, nawasikiliza, hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona amekwisha. Wewe ulidhani nitakucheka? Ndiyo, ulikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwa sababu nilikucheka. Sasa najua naomba radhi ya nini, na naiomba. Nisamehe kwa lile neno la mbuzi.

Na lile sharti la maikrofoni lilikuwa langu, si lako. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu na kichwa kimejaa maji. Nimelibeba mpaka uzeeni kama cheo, nikawadharau nalo watu wa maana, na karibu nikupoteze wewe. Nimelitupa.

Jumapili ya tarehe saba Julai, saa nne kamili, palepale petu. Sitagonga. Nitasema. Usinijibu kwa barua, posta ya kwenu naijua.

Fundi Saa


Dukani, 9 Julai

Mwanangu Kiberiti,

Umeniambia mtihani wa leseni hutaki hata nikulipie kitabu, na kwamba madereva wenzako wakikusikia unasema sabini na tatu watakuteremsha kwenye lori. Sawa. Nimekuelewa, sirudii tena. Barua hii si ya mambo hayo.

Jumapili niliamka mapema nikatoa maikrofoni. Ilikuwa bado ndani ya nailoni yake, kama ilivyotoka dukani, na sikujua hata inachomekwa wapi. Saa nne kamili nikabonyeza, nikamwita. Kimya. Nikamwita mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu nikagundua kwamba nilikuwa nabonyeza ninapopaswa kuachia, na ninaachia ninapopaswa kubonyeza. Miaka thelathini na moja hewani, Kiberiti, na nimeshindwa na kitu ambacho nyinyi mnakifanya huku mnakata kona.

Nilipobonyeza sawasawa nikamwita kwa mara ya nne, na nilipoachia, alikuwepo.

Ana sauti nyembamba. Sijui kwa nini siku zote nilimwekea sauti nzito, ya mtu mwenye kitambi. Hakunisalimia. Alisema, "Fundi, uliandika mkono wangu ni safi kuliko yote. Ulikuwa unasema kweli, au kwa sababu nimekufa?"

Nikamjibu, "Kwa sababu umekufa."

Sasa nikueleze kitu. Katika Morse hakuna namna ya kucheka. Tuna herufi mbili, unazigonga mara mbili, maana yake nimecheka. Mpima Mvua amenigongea herufi hizo kila Jumapili tangu tulipojuana, kwa kila utani wangu, mzuri na mbovu, na mimi nilikuwa nachukulia ni adabu tu, kama mtu anavyosema asante hata kama chai ni ya baridi.

Juzi nilimsikia. Anacheka kuanzia tumboni, anakohoa, anapiga meza, anajaribu kuacha na hawezi, anaanza upya. Nyuma yake nilimsikia mkwewe naye anacheka bila kujua tunacheka nini. Alikuwa ameng'ang'ania kitufe, kwa hiyo sikuweza kumjibu hata neno, nikabaki kusikiliza. Nililia, sikuoni haya wewe. Kwa hiyo zile herufi zote alikuwa anacheka kweli, peke yake kule mlimani, na mimi kwa kiburi changu nikakataa kumsikia.

Alipoachia kitufe nikamwambia Jumapili peke yake haitoshi, tumechelewa sana. Tumeongeza na Jumatano.

Fundi Saa